Nduma Kwenye Laini ya Kuondokea

Taa ya kijani iliwaka, nikaachilia klachi vile nilivyojifunza, na gari langu likakohoa kama ng'ombe aliyekwamwa na kiazi. Likazama, injini ikakosa nguvu. Halafu likashtuka na kuruka mbele mara moja, buti ikafunguka nyuma yangu, na nduma zikaanza kumwagika kwenye lami ya kiwanja cha ndege cha Embu. Nduma nzima nzima, yale magimbi ya kuchemsha na chai, na udongo wa kwetu Meru ukiwa bado umezishika. Mpinzani wangu alikuwa ameshafika mwisho. Mimi nilikuwa naangalia kioo, nazitazama zikibingirika, na mwenye bendera ananipigia kelele dirishani:

"Mzee, umekuja mashindano ama umekuja soko?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nimeokoka mengi katika maisha yangu, lakini kicheko cha Embu bado kinanifuata hadi kwetu Kianjai. Mama muuza nyanya akiniona napita huniuliza, "Leo umebeba nini nyuma?"

Sasa wacha nirudi mwanzo, maana kila anayesimulia huanzia kwa nduma, na nduma hazikujipanda garini zenyewe.

Mimi nilikuwa dereva wa miraa. Shule niliiacha mapema, lakini kona za barabara zetu nilizisoma zote. Miraa haingoji mtu. Ikinyauka ni chakula cha mbuzi. Tajiri, yule mwenye pikapu, alijua breki zimekwisha. Nilimwambia mbele ya wapakiaji, akanijibu, "Dereva mzuri anahitaji honi. Breki ni za waoga." Nikapinduka. Nikaamka hospitalini Meru na chuma ndani ya mguu wa kushoto. Tajiri alikuja kuniona na mkate, akauliza kama kuna magunia yaliyopona. Huyo ni mkosaji wa kwanza, na simfichi.

Nilipopona nilimwendea kuomba usukani wangu. Alikuwa ameshampa mpwa wake. Akautazama mguu wangu kama mtu anayenunua mbuzi mgonjwa.

"Huo ndio mguu wa klachi," akasema. "Chuma haina akili. Itakuangusha tena."

"Mguu haukuniangusha. Breki zako ndizo ziliniangusha."

Wapakiaji wakaguna. Hangeweza kunifukuza tu na watu wanasikiliza, kwa hivyo akatoa maneno makubwa: "Haya! Mpwa wangu anaenda Embu kwa yale mashindano ya kukimbiza magari. Nenda ushindane naye. Mara moja tu, nikiona na macho yangu. Ukimshinda, ufunguo wa pikapu ni wako."

Nilikuwa na gari langu kuukuu la bluu, la aina ile injini inazungusha magurudumu yote manne. Mpwa naye alikuwa na la aina hiyo hiyo. Kwa hivyo mambo yote yalikuwa katika kuondoka, na kuondoka ni klachi, na klachi ni ule mguu.

Nikaenda kujifunza katika uwanja wa kiwanda cha kahawa, wakati hakuna mavuno, mke wangu akiwa kando yangu. Yeye haendeshi, lakini ana masikio na ana pua. Mara ya kwanza niliondoka kwa upole, vile pikapu huondoka kwa matope. Gari likazama, likakohoa. "Hapo umekufa," mke wangu akasema. Nikakanyaga mafuta sana na kuiachilia klachi ghafla. Kitu kikalia chini kama nyundo. "Hapo umeua gari." Nikaiachilia polepole mno, injini ikilia, klachi ikanuka moshi. Akaziba pua. "Baba watoto, ugali umeungua."

Ilinichukua muda kuelewa, na hakuna mtu aliyenifundisha. Pikapu husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Ukikosea, tairi huteleza kidogo na kukusamehe. Hili la miguu minne hushika lami kama kupe. Tairi hazisamehi, lazima klachi ndiyo isamehe. Unapandisha injini mpaka ianze kulia kwa hasira, unaleta klachi mpaka mahali inapouma, unasikia matako ya gari yanakaa chini, hapo unaimalizia bila kuogopa na bila kutoa mguu kwa mafuta.

Shida ilikuwa mguu kutetemeka nikiinua wote. Mke wangu akakunja kipande cha gunia, akakiweka sakafuni chini ya kisigino. "Tuliza kisigino hapo," akasema. "Cheza na unyayo peke yake, kama mtu wa cherehani." Nikafanya hivyo. Gari likaruka kama panzi, na chai aliyokuwa ameshika ikammwagikia kifuani. Hakunigombeza. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Huyo mpwa ataona nambari ya gari tu."

Sasa mkosaji wa pili. Ni ndugu ya huyo huyo mke wangu, shemeji yangu, mwenye bucha. Alikuja uwanjani akiwa na aproni ya damu, akatikisa kichwa.

"Shemeji, gari tupu haishiki barabara. Weka uzito nyuma!"

Kwetu kila mtu anaamini hivyo. Wakati wa mvua, pikapu ikikwama, wapakiaji huning'inia nyuma mpaka tairi ziume. Nikamweleza kwamba hili huvuta kwa miguu yote, halina haja, uzito utalizamisha tu.

"Wewe kata nyama," nikamwambia, "mimi nikate barabara."

"Sawa, sawa, shem." Na akatabasamu. Lile tabasamu ningelitilia maanani.

Siku ya kwenda Embu akaomba lifti. Akasema ataweka koti lake kwa buti, mimi nimalize chai. Tukaondoka. Kila kilima gari lilikuwa zito. Mke wangu akasema, "Hii gari imenenepa." Hapo hapo shemeji, mtu ambaye kanisani hulala, akaanza kuimba pambio kwa sauti ya juu. Mimi nilifikiri ni woga wangu. Kule uwanjani walikagua mkanda, helmeti na injini. Buti hakuna aliyeifungua.

Mengine mmeshayasikia. Niliondoka sawasawa, kisigino juu ya gunia, lakini kwa klachi iliyozoea gari tupu. Magunia ya nduma ambayo shemeji aliyaficha kwa buti yakalizamisha.

Ubaya wenyewe ni huu. Walipomaliza kuziondoa nduma kwenye lami, niliomba niende tena, peke yangu, gari likiwa tupu. Liliruka mpaka mwenye bendera akaruka kando. Nikageuka kumtafuta tajiri, shahidi wangu. Alikuwa ameinama kando ya lami akijaza nduma kwa kofia yake. Hakuona kitu. Akainuka akasema, "Nilikwambia, ni mguu," akamshika mpwa wake bega, wakaondoka.

Shemeji alilia kwamba alitaka kunisaidia tu, uzito ushike barabara. Karibu nimwamini. Kisha nikamwona mtu na mkokoteni, amesimama langoni, anamuuliza, "Bucha, ile nduma yangu iko wapi?"

Nani huja kutazama mbio za magari na mkokoteni?

Mke wangu anasema nisamehe, ni damu yake. Nimekaa kimya vya kutosha. Pikapu bado inapita mbele ya nyumba yangu ikiendeshwa na mpwa, na wapakiaji wote wanaamini ni mguu ulioshindwa.

Basi wewe, shemeji, ninajua bucha yako iko wapi na wewe unajua kwamba najua. Vua hiyo aproni. Siku ya soko, wapakiaji wakiwa wote pale Kianjai, simama mbele ya tajiri useme kwa mdomo wako nani aliweka nduma kwa gari na zilikuwa zinaenda kwa nani. Na wewe, tajiri, ukimaliza kusikia, ukiwa bado unatafuna zile ulizookota, niambie mbele yao: ufunguo wangu uko wapi?