Mama Mkasi na Kitabu Kilichofungwa

Wanafunzi wake walimwita Mama Mkasi, na si kwa sababu ya mkasi wa mkunga wa kukatia kitovu peke yake. Mwanafunzi akianza kujibu kwa kuzungukazunguka, alimkatiza hapohapo: "Sema damu inatoka wapi, basi!" Alifundisha chuo cha wauguzi miaka ishirini na sita, na kwa mtindo huohuo wa kukata maneno akaandika kitabu cha ukunga ambacho wanafunzi walikibeba mkobani mpaka jalada likachanika.

Kisha macho yakamwacha. Presha ya macho ilianza jicho la kushoto, ikahamia la kulia, na alipostaafu alikuwa anaona mwanga wa dirisha tu. Akajifunza kutumia kompyuta inayosoma kwa sauti yaliyoandikwa kwenye skrini. Aliiendesha kwa kasi ya ajabu, hata mumewe, fundi redio mstaafu, akawa analalamika.

"Huyo mwenzio anameza maneno."

"Afadhali yeye anameza. Wewe unasinzia aya ya pili."

Asubuhi moja mkunga aliyewahi kuwa mwanafunzi wake akampigia simu. "Hongera, mwalimu! Kitabu chako kimetoka upya, cha kidijitali. Ila lile jedwali la dawa ya kuzuia damu, mbona namba kama zimehama?"

Hakuna aliyemwambia Mama Mkasi kuhusu chapa mpya. Alipowapigia wachapishaji, walimtumia faili siku hiyohiyo, pamoja na salamu za heshima. Akalifungua, akatega sikio.

"Picha," ikasema kompyuta. "Ukurasa wa pili. Picha. Ukurasa wa tatu. Picha."

Akabonyeza mpaka ukurasa wa arobaini. Kurasa zote zilikuwa zimegeuzwa picha, kisha faili likatiwa kufuli lisinakiliwe. Mashine haikuwa na herufi hata moja ya kushika.

"Nikusomee mimi," mumewe akasema.

"Usinisomee! Kitabu nimekiandika mimi, neno kwa neno. Leo nikiombe kwa mtu?"

Kesho yake walikuwa ghorofa ya tatu, ofisini kwa mhariri mkuu, panaponukia gundi na rangi mpya ya ukutani. Mhariri akamgeukia mume. "Mama atapenda chai?"

"Mama yuko hapa," Mama Mkasi akasema. "Muulize mwenyewe. Na chai sitaki. Kwa nini kitabu changu sikisomi?"

"Aa, mama yangu, tunawaogopa wezi. Tukikiacha wazi, kesho kimejaa kwenye simu za watu."

"Wezi wana macho, baba. Watakipiga picha kama mlivyokipiga nyinyi. Mliyemfungia mlango ni mimi."

"Lakini mama, wasioona wanaosoma ukunga ni wangapi?"

"Mmoja ndiye aliyekiandika! Haya, fungua jedwali la dawa. Nisomee safu ya tatu."

Mhariri akasoma, sauti ikipungua kadiri alivyosonga. Kabla hajamaliza, Mama Mkasi alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

"Hicho ni kipimo cha sindano ya msuli! Mmekiweka kwenye safu ya mshipa! Mnajua mzazi akidungwa hivyo anakuwaje? Mngenipa faili ninaloweza kulisikiliza kabla hamjalitoa, kosa hili ningelidaka mapema."

"Hatukutaka kukusumbua, mama. Kwa hali yako..."

"Hali yangu? Hali yangu ni mwandishi wa kitabu hiki."

Hapo mpangaji wa kurasa, dada aliyekuwa kimya kwenye meza ya pembeni, akafungua kinywa. "Mama, maandishi yenyewe ninayo humu. Naweza kukutolea faili la maandishi, vichwa vya sura vikiwa na alama ili urukie unapotaka, na majedwali yakitaja jina la safu kabla ya namba. Nusu saa tu. Nilitaka kufanya hivyo tangu mwanzo. Niliambiwa ni kupoteza muda."

Mhariri akakohoa. Hakuna aliyemsaidia.

Kitabu kilisimamishwa siku ileile, na vyuo vyote vikapelekewa onyo. Mama Mkasi alikisikiliza siku nne mfululizo, akakamata makosa mengine saba, na kila moja alimpigia dada wa kurasa kumwambia. Kikatoka tena, safari hii bila kufuli, kikisomeka kwa jicho na kwa sikio.

Wachapishaji wakamwalika kwenye uzinduzi akazungumze juu ya ushirikiano mwema. Akakataa. Badala yake akaandika barua fupi: na vitabu vingine vyote mlivyovifunga? Vya sheria, vya hesabu, vya shule? Akajibiwa kwamba ombi lake linashughulikiwa.

Miezi mitano imepita. Kila Jumatatu saa tatu anapiga simu.

"Bado, mama," anasema dada wa mapokezi, ambaye sasa hamuulizi tena ni nani.

"Niunganishe na mhariri."

"Yuko kikaoni."

"Nitasubiri," anasema Mama Mkasi, na anasubiri kweli, simu sikioni.