Kamba Mpya za Kuzikia

Hotuba ile ya maziko niliiandika upya mara nyingi, hata karatasi ikachubuka kwa kufutwafutwa. Sijivunii tabia hii. Naogopa kosa la herufi moja kuliko ninavyowaogopa wakubwa. Shule sikukaa sana. Kifaransa nilijifundisha kwa kitabu cha sheria za kazi kilichong'oka jalada, nikikisoma kwa sauti mpaka mama yangu akaniomba ninyamaze. Kwa kitabu hicho nilianza kusindikiza familia za waliofia kazini hapa Kalemie. Nakaa nao matangani, nazunguka nao biro za serikali, ofisi hadi ofisi, nawaambia wakubwa yale ambayo wao wanaogopa kuyasema.

Safari hiyo marehemu alikuwa mpakuzi wa bandarini. Kamba ya kuinulia mizigo ilikatika, mifuko ya saruji ikamwangukia kifuani. Wenzake wote waliijua kamba ile, imechakaa, fundo juu ya fundo. Waliwahi kumwomba kapita, msimamizi wao, awape nyingine. Akajibu kwamba ghalani hakuna kitu, Zaire nzima hakuna kitu.

Kapita alikuja matangani na habari aliyoiona njema: nafasi ya marehemu itachukuliwa na mdogo wake. Ndivyo bandari yetu ilivyozoea. Mtu akifa, ndugu yake anaingia, na familia haiulizi tena. Wazee walishukuru. Mjane aliniita nyuma ya nyumba.

"Wanamuweka chini ya kamba gani?"

"Ile ile, Mama. Wameiunga."

"Basi wewe mwenye kusoma, useme pale kaburini, watu wote wasikie. Sina shemeji mwingine wa kuzika."

Kwetu kamba za kushushia jeneza lazima ziwe hazijafanya kazi nyingine, na zikimaliza hutupwa humo humo kaburini. Kwa hiyo kapita alishuka kwenye kamyo, lori la bandari, na kamba mpya kabisa, nyeupe, nene, bado zinanuka katani. Alizileta kwa heshima, naamini hakufikiri. Mimi wakati huo nilikuwa nakagua mstari wa kwanza wa hotuba yangu. Sikuona kitu. Mjane aliona.

"Hizi zilitoka wapi, Papa?"

"Ghalani, Mama. Pole sana."

"Ghala gani? Lile lenye halina kitu?"

Kapita alishika kola ya abakosi, koti lake la wakubwa, kama inayombana. Jeneza likashushwa. Waliposogea kuzitupa kamba, mjane alizikamata.

"Hazibaki hapa. Zinaenda kazini."

"Kamba ya maiti hairudi mjini!" mzee mmoja alifoka. "Unataka kutuletea nini, wewe mwanamuke?"

Ule ndio ulikuwa wakati wangu wa kusoma. Badala yake nilipiga magoti katika udongo nikavuta kamba pamoja naye, na karatasi yangu ikaangukia kaburini. Ilifunikwa pamoja na marehemu.

Asubuhi yake mjane alivunja mwiko mwingine: alitoka matangani. Tulizibeba kamba hadi bandarini, tukazibwaga mbele ya wapakuzi. Wakarudi nyuma wote.

"Mimi nishike hiyo? Nina watoto!"

"Wewe unaogopa hata muke wako, utaweza kamba ya maiti?"

Wakacheka, lakini hakuna aliyesogea. Shemeji wa mjane, ndani ya buti za marehemu kaka yake zilizompwaya, alisimama katikati. Upande huu kamba mpya, upande ule kamba kuukuu, tayari imefungwa kwenye winchi.

"Hii ilimuzika," alisema. "Ile ndio ilimuua. Nyinyi munaogopa hii?"

Kicheko kikakatika. Hapo nikasema, bila karatasi, nikigugumiza, nikichanganya Kifaransa changu mbele ya watu, kwamba sheria haimlazimishi mtu kufanya kazi chini ya kamba iliyokwisha kuua. Basi kama hii wanaiogopa, na ile wasiiguse. Mmoja akakaa chini. Kisha wengine. Kapita alipiga kelele, akatisha kuita askari, akanitukana mimi na kitabu changu. Meli ilibaki imejaa. Jua lilikuwa kali walipofungua ghala na kutoa kamba nyingine mpya, ambazo hazijamshusha mtu. Zilikuwepo tele.

Shemeji akaingia kazini. Mjane alisimama getini, kila mzigo ukipanda midomo yake inasogea, ukitua anapumua. Watu bado walipita chini ya mizigo, hilo halikubadilika. Nami nakiri kwamba nilifurahi mapema mno. Nilikuwa nimeshaanza kupanga kichwani jinsi nitakavyoyaandika haya, neno gani lianze.

Ndipo wanaume wawili walipoiburuta kamba kuukuu mbele yetu, wakairusha ndani ya behewa la treni.

"Inaenda wapi hiyo?" mjane aliuliza.

"Nyunzu, Mama," kapita alijibu bila kugeuka. "Wanaomba kamba za kuinulia magogo. Kule hawachagui."

Mjane alinishika mkono. Kiganja chake bado kilikuwa na michubuko ya jana.

"Na kule kuna wake za watu," aliniambia.

Nilimwuliza kapita treni inaondoka saa ngapi.