Nesi Niliyemfukuza Nyumbani kwa Baba

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, nyumbani kwetu nje kidogo ya Mpwapwa, nilipomfukuza mwanamke aliyekuja kumsaidia baba yangu. Alikuwa nesi wa hospitali ya misheni, jina lake Damari, amenizidi umri kwa miaka kama kumi na tano. Alikuja kwa baiskeli, na sare yake nyeupe ilikuwa imegeuka nyekundu kwa vumbi hadi magotini. Nilimwambia aondoke na asirudi tena. Hakubishana. Aliwaaga wazazi wangu, akaisukuma baiskeli yake hadi barabarani, ndipo akapanda.

Mwanangu, wewe uliye mtoto wa rafiki yangu lakini nakuita wangu, hili si jambo la kujivunia. Nakusimulia kwa sababu juzi ulinipigia simu ukasema daktari ameona moyo wa mama yako umechoka, kisha ukasema, "Nitampeleka popote, mpaka apone." Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, karibu vilevile.

Baba yangu, Mzee Eliya, alikuwa bwana mifugo mstaafu. Zaidi ya miaka thelathini alizunguka vijiji vya Mpwapwa na Kongwa akichanja ng'ombe na kusimamia majosho, sehemu kubwa kwa miguu. Kwa hiyo miguu ilipoanza kumvimba, sisi watoto tulisema ni uchovu wa kazi. Baadaye akawa hawezi kufika kisimani bila kupumzika mara mbili. Halafu akawa hawezi kulala chali. Akilala anahisi kama anazama, basi akawa anasinzia kwenye kiti, na mama naye kwenye mkeka pembeni yake. Daktari wa misheni alimpima akasema moyo umepanuka na umepungua nguvu, akampa vidonge vya kukojoza maji na vingine vya kuusaidia moyo. Alisema wazi kwamba dawa zitampa nafuu, lakini moyo wenyewe hautarudi kuwa kama zamani.

Neno hilo la mwisho sikulikubali. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara huria ndiyo kwanza imefunguliwa, maduka yamejaa bidhaa ambazo jana hazikuwapo, na kila mtaa wa Dodoma umeota zahanati ya mtu binafsi. Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazini kwenye shirika la umma, nikaingia kuuza mitumba sokoni, na mambo yalianza kuninyookea. Nilijiona mtu wa mjini anayejua njia. Nikaamini kwamba kama kila kitu kimepatikana, basi na moyo mpya wa baba utapatikana, kazi ni kumpata tu daktari mwenye mashine kubwa zaidi.

Ndiyo maana siku ile nilipofika nyumbani na kumkuta Damari ameketi kwenye kigoda mbele ya baba, nilisikia maswali yake kwa masikio mabaya. Hakumwuliza baba juu ya vidonge. Alimwuliza, "Baba, katika ugonjwa huu, ni kitu gani kinakutia hofu zaidi?" Kisha akamgeukia mama, "Na wewe mama, mara ya mwisho kulala usingizi wa kutosha ni lini?" Baba alikuwa amefungua mdomo kujibu, nami nikaingilia.

"Umekuja kumtabiria baba kifo?" nikamwuliza.

"Hapana, kaka yangu," akasema. "Nimekuja mapema ili tuwe na muda."

"Muda wa nini? Wanaosubiri kufa wapo wodini, nenda kwao."

Yaliyofuata umeshayasikia. Baba hakuniambia kitu. Alinitazama tu, na mimi nikauchukulia ukimya wake kuwa ni shukrani. Kijana ana namna yake ya kutafsiri mambo.

Wiki iliyofuata nikampandisha basi la Dodoma, safari ya tatu ndani ya miezi miwili, kwa daktari mpya niliyesifiwa pale sokoni. Basi lilijaa, vumbi linaingia kila upande. Tulipofika Mbande, pale magari yanaposimama watu wanunue mahindi ya kuchoma, baba akaomba kushuka. Alishuka hatua moja moja, akakaa juu ya gunia la karanga la mama mmoja muuzaji. Alivuta pumzi kama mtu aliyetoka kukimbia. Midomo ilikuwa ya kijivu. Dereva akapiga honi, akapiga tena, mwisho nikashusha mzigo wetu, basi likaondoka.

Nilichuchumaa mbele yake nikimpepea kwa kofia. Yule mama wa karanga alileta maji akarudi kwenye biashara yake. Ilipita saa nzima kabla baba hajaweza kusema sentensi iliyokamilika. Alipoweza, aliniambia maneno ambayo nayabeba hadi leo.

"Mimi nimekaa na wanyama maisha yangu yote. Najua pumzi ya kiumbe anayepona na pumzi ya kiumbe asiyepona. Usidhani nahitaji kufichwa."

"Baba, huyu daktari wa leo..."

"Nisikilize. Yule nesi aliniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyeniuliza tangu niugue. Nilikuwa na jibu lake. Ukamfukuza." Akapumzika kidogo. "Wewe unataka nipone ili wewe usiogope. Mimi nataka kulala kitandani kwangu, na mama yako alale."

Tulirudi Mpwapwa na gari la mizigo lililobeba mbao, baba mbele na dereva, mimi nyuma. Nililia njia nzima, na nilishukuru kwamba nilikuwa huko nyuma.

Kesho yake nikaenda kwa Damari. Nilimkuta nyumbani kwake akichambua mchicha. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu ya kuomba radhi, lakini baada ya "Shikamoo dada" nilichuchumaa tu nikashika mchicha. Aliitikia, akanisogezea kigoda, akauliza, "Mama amelala jana?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Hakulitaja kosa langu siku ile wala siku nyingine yoyote.

Alikuja mchana huohuo. Nikaanza kuona kwamba mambo aliyoyajua yule mwanamke hayakuwa makubwa kwa kuyatazama, ila yalikuwa yamelenga mahali penyewe hasa. Alimwita fundi seremala akamwelekeza kuinua kichwa cha kitanda kwa ubao wa kuegemea, mgongo ukae juu. Baba akalala kitandani kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne. Alifunga uzi kwenye mguu wa baba juu kidogo ya kifundo, akaweka alama ya fundo, akamfundisha mama kuupima kila asubuhi. Uzi ukikataa kufika kwenye fundo, maji yamezidi, basi baba aongezewe kidonge kama daktari alivyoandika, na taarifa ipelekwe hospitali siku ileile bila kusubiri pumzi ibane. Alikaa na mama jikoni wakajaribu mlenda, mboga yetu sisi Wagogo, bila magadi na kwa chumvi ya kunusa tu, maana chumvi hushika maji mwilini. Baba aliuonja akasema, "Damari, umeninyang'anya Ugogo wangu." Lakini alimaliza sahani.

Nakuomba uelewe hili vizuri: hakumwambia baba aache dawa wala aache daktari. Kila mwezi baba alikwenda kliniki ya misheni, na vidonge vilihesabiwa asubuhi na mchana. Dawa ziliushughulikia moyo, na Damari akamshughulikia mwenye moyo na watu waliomzunguka. Vyote viwili kwa pamoja, tangu mapema.

Siku moja alituketisha wote watatu, baba, mama na mimi, akarudia lile swali nililolikatiza. Baba akajibu kwa utulivu kabisa. Kufa hakukumwogopesha. Aliogopa kufia njiani, kati ya watu asiowajua, kama ilivyotaka kutokea Mbande. Na aliogopa kufa kabla hajapatana na mdogo wake, baba mdogo Yonathani wa Kibakwe, ambaye walikuwa hawasemeshani tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Aliomba pia aende mnadani walau mara moja, akatazame ng'ombe.

Kisha mama akasema, "Na mimi niseme." Sote tukageuka. Mama yangu hakuwa mtu wa kusema. "Mimi naogopa atanifia mikononi nikiwa nimesinzia, halafu watu waseme sikumtunza." Akaanza kulia. Baba akanyoosha mkono akamshika, jambo ambalo wanaume wa rika lake hawakulifanya mbele ya watoto.

Damari hakuwahi kuharakisha kilio cha mtu. Halafu akasema, "Mama, nitasimama mbele ya yeyote niseme nilichokiona katika nyumba hii. Lakini kuanzia wiki ijayo, Jumanne na Ijumaa mchana, hutakuwa hapa." Alikuwa ameshaongea na akina mama wawili wa kanisani, nao wakapokezana kukaa na baba siku hizo. Mara ya kwanza mama alifika kwa dada yake, akaketi kwenye kiti, akalala mpaka jua linazama. Mara ya tatu alirudi kwenye kwaya ya kanisa, aliyokuwa ameiacha baba alipougua. Nami nikapanga kurudi nyumbani kila mwisho wa wiki, kumwogesha baba, kumkata kucha na kumsikiliza.

Baba mdogo Yonathani nilimfuata mwenyewe Kibakwe. Aliuliza tu, "Ameniita yeye mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akachukua koti. Waliongea faraghani, hatukujua walisema nini, ila baada ya hapo alikuja kila mwezi. Yeye ndiye aliyempeleka baba mnadani, wakakaa kwenye gari wakibishana juu ya ndama wa watu.

Baba aliishi miaka miwili na miezi michache tangu siku ya Mbande. Haikuwa miaka ya raha tupu. Mara mbili alilazwa, na mwisho alidhoofu sana. Daktari alimpa dawa ya kutuliza ile hofu ya kukosa pumzi, na Damari akatueleza mapema tutakayoyaona, ili tusishtuke. Alifariki mchana wa Jumapili, kitandani kwake, mdogo wake ameshika miguu na mama amekaa kichwani, yu macho kabisa, hajasinzia.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mpeleke mama yako kwa daktari, fuata dawa, lakini usimgeuze mzigo wa kuzungushwa kwa ajili ya hofu yako. Tafuta leo, angali anatembea na kucheka, watu wa huduma ya kupunguza maumivu na kumfariji mgonjwa. Siku hizi wapo, wana mafunzo, hawategemei baiskeli ya mtu mmoja. Usingoje wodi ishindwe ndipo uwaite. Mwulize mama yako anaogopa nini na anataka nini, kisha nyamaza asikie kwamba unasikiliza. Na umtazame dada yako anayemwuguza. Naye mpe siku zake za kulala. Ukikosea kama nilivyokosea mimi, nenda uombe radhi kesho yake, usikawie.

Mungu ampe mama yako pumzi tulivu na wepesi wa mwili. Akupe wewe moyo wa kukaa karibu bila kukimbia. Na nyumba yenu isipungukiwe mtu wa kuuliza, kama Damari alivyouliza, nani hajalala.