Wanaopinga Waseme Kwanza

Mwakilishi wa chama chetu cha wafanyakazi, hapa kiwandani Changamwe, ni mama mwenye sauti ndogo na vidole vilivyochubuliwa na uzi wa magunia. Wakati wa chai hutusimulia mapinduzi ya nchi za watu, na kila mara huishia palepale: walioshinda walianza kuwanyamazisha wenzao. Katika mikutano yake, basi, wanaopinga huzungumza kwanza. Juzi, kabla ya kupigia kura mgomo wa kudai bima ya matibabu, alisimama Erastus.

"Mama, mke wangu amelazwa. Nikifutwa kazi leo, nitamtoa hospitalini vipi?"

"Kaa chini, kibaraka," watu wakamzomea.

"Mwacheni," mama akasema. "Nani mwingine ana mgonjwa?"

Mikono mingi ikainuka. Hatukugoma. Yeye, aliyeutaka mgomo kuliko sote, alifunga kitambaa chake cha kichwa upya akaingia kwa meneja peke yake kuidai bima.