Vijiko Vinne vya Maji

Nilitoka Rombo kwa miguu hadi Loitokitok, nikapanda lori la nyanya hadi Emali, kisha lori la mifugo lililonishusha Athi River. Siku ya tatu nikaingia Kitengela. Nilikuwa nimepakia magadi kule Magadi, nikauza viatu Ngong, na kote sikudumu. Safari hii mke wangu, Nasieku, alikuwa ameniambia waziwazi: hatanifuata tena mpaka nikae kwenye kazi moja mwaka mzima.

Siku hiyohiyo nilipewa kazi katika karakana ya bustani za chupa. Nyinyi vijana mnaoziona mtandaoni mnadhani ni mapambo tu. Chini huwekwa kokoto, ili maji yasisimame kwenye mizizi. Juu yake makaa yaliyopondwa, ya kuzuia uvundo. Kisha udongo, mmea mdogo wa kangaga, na wadudu weupe kama chembe za chumvi, ambao hula majani yaliyooza. Maji kidogo, kizibo, halafu nta. Haifunguliwi tena.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Ng'ombe walikuwa wakianguka kando ya barabara ya Kajiado. Mimi niliyekua nikiteka maji kwa punda, mmea usionyweshwa niliuona kama dhambi. Kila asubuhi, kabla wenzangu hawajafika, nilichokoa nta, nikamimina maji, nikafunga tena. Wiki ya tatu chupa tisa zilinuka kama bwawa.

"Huyu jamaa wa Rombo ametuletea mafuriko kwenye chupa!" alicheka Musyoka, mkata vioo.

Msimamizi, tuliyemwita Madam, hakucheka. "Kwa nini ulifungua?"

"Madam, niliona ni kiangazi. Niliogopa zitakufa."

"Ndani ya chupa kiangazi kimeingilia wapi?" Akafunga chupa mpya mbele yangu. "Hii iko na vijiko vinne vya maji. Iweke penye mwanga, lakini jua lisiipige, itaiva kama githeri. Mvua ikinyesha kabla hujaifungua, uko na kazi. Ukiifungua, urudi kwenu."

Basi nikaitazama. Asubuhi kioo kilikuwa na ukungu. Mchana ukungu ule ukawa matone, matone yakateremka hadi kwenye udongo, mizizi ikayanywa, majani yakayatoa tena hewani. Maji yaleyale kila siku. Hakuna kilichoingia ila mwanga.

Mwezi wa pili jani kubwa likawa la manjano. Mkono ukaenda kwenye kizibo wenyewe.

"We! Kumbuka bibi yako," akaniambia Musyoka, niliyekuwa nimemsimulia sharti la Nasieku.

Nikauondoa mkono. Jani likaanguka. Wale wadudu weupe wakalizunguka, likabaki mishipa, kisha likaisha kabisa. Pale lilipoangukia, chipukizi likatokeza, limejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Sikula chakula cha mchana siku ile. Nilikuwa nimekaa mbele ya dunia nzima, na kifo kimekuwa chakula humo ndani, bila mtu aliye nje kuongeza chochote.

Mvua ilichelewa kunyesha hadi mwaka wangu ulipotimia. Madam alikagua nta, akaniambia, "Mwite mke wako."

Nilidumu miaka kumi na mmoja, minne kati yake nikiwa fundi wa tawi letu la Kajiado. Kisha miguu ikaanza kuniwasha tena, na safari hii Nasieku mwenyewe alikubali tuhame. Siku nilipokwenda Kitengela kuaga, Madam aliniletea ile chupa. Kangaga ulikuwa umeijaza mpaka shingoni.

"Ifungue ukitaka. Nani atakufuta sasa?"

Nikashika kizibo. Nilitaka sana kunusa hewa ya mwaka ule. Mle ndani maji ya ukame bado yalikuwa yakipanda na kushuka, vijiko vinne, tone lisiongezwe wala kupotea. Nikairudisha rafuni.

Nje nilisimama nikitazama juu, mawingu yakijikusanya upande wa Ngong kama ukungu kwenye kioo, mpaka Nasieku akaniita kutoka kwenye lori, "Baba Nashipae, unatafuta nini huko juu? Panda twende!"