Nyuzi za Gitaa la Mke Wangu

Jumamosi, manyunyu tangu alfajiri hapa Nyamiaga. Gitaa la besi la kwaya halina vyuma vya kugawa noti shingoni, na nyuzi zake zilikaa mbali mno na ubao wa shingo, kuzibonyeza ni kazi. Vidole vya mke wangu vimevimba kwa kuzibonyeza, hata ndizi siku hizi namenya mimi, na kesho anapiga kanisani. Nikamwambia, "Shusha zote mpaka chini."

Akacheka. "Baba, ziguse ubao zivume kama nyuki?"

Akazungusha skrubu za daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi, akazishusha mpaka zikakwaruza ubao, kisha akazipandisha kidogo kidogo, akipiga na kuimba sauti ileile, mpaka mkwaruzo ukaisha. Sijui muziki, huenda nasifu kupita kiasi, lakini mwalimu wa kwaya aliyekuja kusikiliza, naye hasifii mtu, alisema, "Hapo."

Jioni tumekula ndizi na maharage. Ndizi amemenya yeye, mara ya kwanza wiki hii.