Akaunti ya Pacha

Feni ya kompyuta ile naisikia hadi leo. Ilianza polepole, vuu, vuu, halafu ikapanda na kushika sauti moja, kama mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku inapolishwa gunia la mwisho. Asubuhi ile ilinguruma hivyo tangu nilipofungua mlango, mpaka wateja wa picha za pasipoti wakaanza kuulizana kama nyuma kuna mashine ya unga. Nikacheka nao. Sikuwa na habari.

Studio yenyewe ni chumba kimoja Iyunga, kando ya barabara kuu, na mimi nimeajiriwa tu. Jana yake bosi alikuwa ameleta fundi akaiwekea kompyuta mfumo mpya. Ule wa zamani ulishachoka. Printa mpya iliukataa, na ilikuwa miezi sasa tangu kompyuta iache kuwasiliana na akaunti ya picha kwenye mtandao. Bosi alisema kuanzia sasa mambo yatakwenda yenyewe, picha ya kwenye simu utaikuta kwenye kompyuta kabla hujakaa. Mimi nilikuwa na haja na picha moja tu.

Ilikuwa ya bibi, mzaa mama. Bibi alilima mpunga Ubaruku maisha yake yote, na alikuwa hapendi kupigwa picha. Meno ya mbele yalishatoka, kwa hiyo ukimnyanyulia simu tu, mkono huo mdomoni. Siku moja nilimkuta uani anapepeta, ungo kaushika kwa mikono miwili, nikamchokoza kwamba kuku wanakula kuliko yeye. Akacheka. Mkono haukupata nafasi ya kwenda mdomoni, maana angeuachia ungo mpunga ungemwagika. Nikabonyeza. Bibi mzima yuko pale, na mapengo yake, na makapi yanaruka kama nzi wadogo.

Mwaka huu tulikuwa tunajengea kaburi lake. Kwetu siku hizi kaburi huwekwa kigae chenye sura ya marehemu, na fundi wa vigae alikuwa amesema Jumamosi ndiyo mwisho, awe amepata picha safi isiyo na ukungu. Mjomba alikuwa na ile ya kitambulisho, ambayo bibi amekunja uso kama anadaiwa kuku wa watu. Mjomba akasema, si ni yeye yule? Nikamwomba aniachie mimi. Nikamwahidi bibi anayecheka.

Basi nilipofungua maktaba ya picha asubuhi ile nikakuta miraba ya kijivu. Safu kwa safu, kama madirisha yasiyo na watu. Juu kuna kiduara kinazunguka, na maandishi kwamba inasawazisha. Nikasubiri. Nikapiga pasipoti nne, nikarudi, bado kinazunguka. Nikaangalia bando la intaneti, lipo. Nikazima, nikawasha. Nikagundua saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka mingi, nikairekebisha, maana niliwahi kusikia kwamba saa ikikosea mtandao haukuamini. Miraba michache ikapata rangi, moyo ukaruka. Kumbe ni picha za vitambulisho vya wateja.

Ndipo kikatokea kijisanduku: ingia upya, weka neno la siri. Nikaandika lile ninalolijua. Likakataa. Mara tatu.

Hapa lazima nieleze kuhusu pacha. Siyo pacha wa damu. Ni rafiki yangu tuliyefanya naye kazi studio ile, tukilala chumba kimoja, tukipika sufuria moja, na wateja waliposhindwa kututofautisha tukaanza kuitana hivyo. Nilipopata simu yangu ya kwanza ya kugusa sikuwa na barua pepe. Shule niliishia kidato cha pili, na mambo hayo niliyaogopa. Huku kwetu wengi ndivyo ilivyo: anayejua ndiye anakufungulia, na neno la siri analibeba yeye, kama mzee wa kanisa anavyobeba ufunguo. Pacha akaniingiza kwenye akaunti yake. Akasema ya nini tuwe na mbili, sisi si wamoja? Neno la siri tukaweka jina la studio tuliyoiota, yetu wawili, yenye pazia la bluu na kioo kikubwa. Kompyuta ya kazini nayo tukaiunganisha humo humo. Ile ya bibi nilikuwa nimepanga kuichapa kubwa na kuitundika ya kwanza ukutani, siku tutakayofungua.

Halafu pacha akaolewa, akahamia Iringa mjini. Nilikwenda harusini na kamera, nikapiga siku nzima bila kukaa, kama zawadi yangu. Picha zote nikazipandisha mwenyewe kwenye ile akaunti, maana aliniomba.

Nikampigia.

"Haloo, pacha wa mie. Umeninunia mpaka nimesahau sauti yako."

Nikamwambia neno la siri limekataa. Akasema aah, alilibadilisha, si unajua usalama siku hizi. Alikuwa anataka kuniambia, akapitiwa. Akanitajia jipya. Ilikuwa tarehe ya harusi yake. Niliiandika kwa kidole kimoja, na sitasema uongo, kitu fulani kilinichoma hapo, ila nikakiambia kitulie.

Akaunti ikafunguka. Imejaa, ilisema, hakuna nafasi. Nikashuka chini kutafuta mwaka wa bibi. Keki. Keki kwa karibu. Mashemeji wakicheza. Bwana harusi na miwani, bwana harusi bila miwani. Picha mia na mia, na zote nilizipiga mimi. Mwaka wa bibi haukuwepo. Nikaenda kwenye pipa la taka la akaunti, ambako kilichofutwa hukaa kwa muda. Pipa lilikuwa jeupe, limeshamwagwa.

Nikampigia tena. Nilijitahidi kuongea kawaida.

"Zile za bibi anapepeta?" akasema. "Pacha, nafasi ilijaa, ikawa inakataa kupokea za harusi. Nikatoa za zamani. Nilijua unazo pengine."

"Pengine wapi? Akaunti si ulinifungulia wewe."

"Basi ungeniambia ni za muhimu. Mimi niliona bibi na mpunga, bibi na mpunga. Harusi ni mara moja, mwenzangu."

"Na bibi amekufa mara ngapi?"

Nikasikia mtu pembeni yake akiuliza nani huyo, na yeye akasema, "Yule mpiga picha." Simu ikakatika, sijui ni mimi au ni yeye.

Yule mpiga picha. Nilikaa kwenye kile kiti cha wateja, pazia jeupe nyuma yangu, kama nasubiri kupigwa ya pasipoti. Bosi alipoingia akaona uso, nikamweleza. Yeye akanifumbua macho. Alisema pacha alifuta zamani, ila kompyuta ilikuwa haijapata taarifa, kwa kuwa mfumo wa zamani ulishaacha kuongea na akaunti. Bibi alikuwepo humu ndani mpaka leo asubuhi. Mfumo mpya ulipopata neno la siri ukauliza akaunti, nani abaki? Akaunti ikasema, huyu hapana. Ukafuta.

"Kwa hiyo kama kuna kifaa kingine ambacho hakijaulizwa," bosi akasema, "bado anaye."

Kulikuwa na kimoja. Ninayotumia sasa niliinunua baadaye, haikuwahi kuwa na bibi, ila simu yangu ile ya kwanza, yenye kioo kilichopasuka, nilimpa mama anayekaa Nyololo. Na mama alikuwa ameniambia anataka kuiwekea bando ili aonane uso kwa uso na mjomba.

Nilimpigia hapo hapo. Nikamwamkia haraka haraka, nikamuuliza simu iko wapi. Mama akasema ameichaji jana, leo jioni jirani atakuja kumuunganishia. Nikamwambia, mama, usiiwashe, naomba, hata kuangalia saa.

"Kwani ina nini?"

"Ina bibi."

Mama alisema ataifunga kwenye kitenge na kuilalia.

Kesho yake alfajiri nikapanda basi, na kufika Nyololo kulikuwa na ukungu na baridi ile ya Mufindi inayopita kwenye soksi. Mama alinipokea kwa kamwene, salamu ya kule, na chai ya moto, akanipa kifurushi kwa mikono miwili, akaenda zake barabarani kuuza viazi vyake. Nadhani alijua nilitaka kuwa peke yangu.

Nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia la viazi. Kwanza nikabandua mgongo wa simu kwa ukucha, nikachomoa laini, nikaiweka mfukoni. Ndipo nikawasha. Ilichukua muda. Nikashuka, nikashuka, na nyuma ya ufa wa kioo nikamwona, kashika ungo, anacheka na mapengo yake yote.

Nilimhamishia kwenye kadi niliyotoka nayo studio. Nikaichomoa, nikairudisha, nikamfungua tena kuhakikisha. Nikafanya hivyo mara mbili.

Picha iliyofuata ilikuwa ya mimi na pacha, tumeshika kipande cha boksi tulichoandika jina la studio yetu kwa maka peni. Tunacheka kijinga. Nayo huko kwake ameifuta, maana ni ya mwaka ule ule. Niliitazama mpaka kioo kikazima chenyewe. Nikakigusa kikawaka. Nikaihamisha na yenyewe kwenye kadi, sijui kwa nini.

Halafu nikaingia kwenye mipangilio, nikatafuta akaunti ya pacha. Simu ikaniuliza kama nina uhakika ninataka kuiondoa. Viazi vilinukia udongo. Nikafuta kidole kwenye sketi, nikabonyeza ndiyo.